Ulinzi wa Mtaa na Bunduki: Jibu kwa Wenzangu wa Chama cha Majadiliano



Wale mliokuwapo ukumbini Jumamosi ile jioni mwakumbuka ya kuwa upande wangu ulishindwa, tena vibaya. Hoja iliyoletwa mbele ya Chama cha Majadiliano ilikuwa hii: kwamba wakaaji wa mtaa unaosumbuliwa na watu wenye bunduki wapewe nao bunduki wajilinde. Mikono ilipohesabiwa, waliokubali walikuwa 61, nasi tuliokataa 22. Msemaji wao wa kwanza, ambaye ni rafiki yangu na kitanda chake ki karibu na changu, alisimama akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka," ukumbi ukavuma kwa makofi, na tangu hapo sidhani kama neno langu hata moja lilisikiwa. Simlaumu. Yeye alisema vizuri nami nilisema vibaya. Lakini iko sababu nyingine: lilikuwako jambo moja nililolijua nikalificha kwa aibu. Basi nimemwomba Mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nilieleze, maana karatasi haikukazii macho kama linavyokukazia darasa zima.

Kwanza yafaa niseme hoja hii ilitoka wapi, kwa ajili ya wanafunzi wa zamani wanaosoma gazeti letu mbali na hapa. Sisi wa Butare (nasema Butare ya Rusizi, si ule mji wa kusini ulioitwa Butare zamani na sasa waitwa Huye, ambako barua zetu hupotelea mara kwa mara) twakaa milimani, na bunduki twaiona begani mwa askari tu. Lakini ukishuka mpaka Kamembe, kisha ukateremka mtoni, waona ng'ambo nyumba za Bukavu zimepandana kilimani, bati juu ya bati. Mto wenyewe ni mwembamba. Katika darasa letu peke yake wenzetu 9 wana ndugu wa damu upande ule. Mimi nina shangazi huko Kadutu, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa huko kabla sijazaliwa. Kazi yake ni kuuza sambaza sokoni, na nguo zake zote hunuka ziwa.

Mwezi wa Februari 2025, vita vilipoufikia mji ule, zilipita siku ambazo hapakuwa na mwenye amri. Askari wa serikali walikuwa wameondoka, na wapiganaji wa M23 walikuwa hawajaushika mji wote. Wafungwa walitoka katika magereza ya Bukavu na Kabare. Maghala yalivunjwa, na Shirika la Chakula Duniani likatangaza kuwa karibu tani 7,000 za chakula chake zimeporwa. Katika vurugu ile bunduki zilitupwa njiani, hata watoto wakaziokota. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilithibitisha kuwa walikuwako watoto waliouawa na M23 baada ya mji kuingiliwa, ikasema pia kuwa ilijua habari za watoto waliokuwa na silaha. Tarehe 27 ya mwezi huo huo milipuko ilitokea kwenye mkutano wa hadhara katikati ya mji, watu wasiopungua 11 wakafa.

Sitaingia katika maneno ya nani alimtuma nani. Mambo hayo yana wakubwa wake, wala si kazi ya gazeti la shule. Mimi nasema habari za bunduki zilizobaki. Askari akikimbia hutupa bunduki ili akimbie vizuri, na mwingine huiokota akaificha chini ya kitanda, na baada ya mwezi mmoja njaa humkumbusha kuwa anayo. Ndipo milango ya watu huanza kugongwa usiku.

Hiyo ndiyo hali iliyowafanya wenzangu 61 wainue mikono. Wengi wao, nina hakika, walikuwa wakiwafikiria shangazi zao kama mimi nilivyokuwa nikimfikiria wangu. Na methali ya fimbo na nyoka ni kweli. Polisi wakiwa mbali, au wakiwa hawapo kabisa, au wakiwa wao ndio wanaoogopwa, mtaa hauna budi kujilinda. Katika jambo hilo mimi na rafiki yangu hatugombani. Tunagombana juu ya fimbo yenyewe ni ipi, na nani aishike, na nani atakayemwita mshikaji asubuhi yake amwulize, "Jana usiku uliifanyia nini?"

Hapa kwetu tuna irondo, yaani lindo la usiku la wakaaji wenyewe. Mijini siku hizi watu hulipa fedha kila mwezi na walinzi huajiriwa, lakini mlimani kwetu baba yangu alikuwa akienda zamu mwenyewe. Nilipokuwa mdogo nilimwona akivaa koti lake la sufi na mabuti ya mpira, akichukua tochi, fimbo, filimbi, na chupa ya chai. Mama alikuwa akimcheka, akisema kuwa chai ile ndiyo iliyolinda kijiji, maana mwenyewe alisinzia. Lakini tazameni jinsi kazi ile ilivyopangwa. Mkuu wa mudugudu alijua ni nani walio zamu usiku ule, na kila mtu alijua. Kuku wa mtu akipotea usiku wa Jumanne, watu wa Jumanne ndio walioulizwa. Baba yangu naye aliulizwa siku moja mbele ya watu wote, baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, akasimama pale na jembe lake mkononi hana jibu. Sisi watoto tulikuwa ukingoni tukisikiliza. Nakumbuka niliona haya kuliko yeye.

Walakini irondo hiyo hiyo ina historia nyingine, na hapa sina mzaha. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, lindo la usiku na vizuizi vya barabarani vilitumiwa kuwa vyombo vya mauaji. Watu walitoka na marungu na mapanga kama watu waendao zamu, wakiambiwa ya kuwa wanaulinda mtaa wao. Kabla ya hapo utawala wa wakati ule ulikuwa umegawa bunduki kwa raia katika tarafa mbalimbali, kwa jina hilo hilo la raia kujilinda wenyewe. Wenzangu 61, hoja yenu ilikwisha kujaribiwa katika nchi hii. Na hapa Cyangugu, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo, watu waliokimbilia kanisa kuu walipelekwa uwanja wa Kamarampaka, na baadhi yao wakaitwa kwa majina kutoka kwenye orodha, wakatolewa, wasirudi. Kila Aprili twasikia habari hizi katika siku za kumbukumbu, twainamisha vichwa. Kisha muhula mpya ukianza twainua mikono kupiga kura ya bunduki za mtaani. Sisemi kuwa wenzangu ni kama watu wale. La hasha. Nasema kuwa waliopewa bunduki zile nao waliambiwa maneno mazuri, na hakuna aliyewaambia kuwa wanakwenda kuua majirani.

Rafiki yangu katika hotuba yake aliwataja Sungusungu wa Tanzania, akauliza, "Mbona wao waliweza?" Nashukuru kwamba aliwataja, maana nadhani hakuisoma habari yao mpaka mwisho. Baada ya vita vya Tanzania na Idi Amin, vya 1978 na 1979, bunduki zilitawanyika mikononi mwa watu, na ujambazi na wizi wa ng'ombe ukazidi ukali. Mnamo 1981 na 1982 vijiji vya Wanyamwezi na Wasukuma, upande wa Kahama, vilianza kujiunga pamoja, wakajiita Sungusungu kwa jina la wale chungu weusi wenye kuuma. Je, walijibu kwa bunduki? Walikuwa na pinde na mishale, tena walikuwa na mwano. Mwano ni ukelele wa Kisukuma: ausikiaye huupokea akaupeleka mbele, kijiji kwa kijiji, mpaka mwizi aone ya kuwa nchi nzima imeamka na njia zote zina watu. Adhabu iliyoogopwa sana ilikuwa kumtenga mtu, asisaidiwe kazi wala asishirikiwe katika jambo lolote. Serikali iliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua.

Hayo ndiyo rafiki yangu aliyoyapenda. Lakini walikuwako Sungusungu waliowapiga watu ovyo, na waliowaandama wanawake wazee kwa kuwasingizia uchawi. Mikono ni ile ile iliyomzuia mwizi. Hata upinde, basi, wahitaji mtu wa kuulizwa asubuhi.

Sasa nafika kwenye jambo nililolificha.

Likizo ndefu ya mwaka 2025 nilivuka kwenda kumsalimu shangazi. Baba hakupenda, lakini shangazi alikuwa mgonjwa wa miguu na hakuwa na mtu wa kumbebea ndoo za sambaza. Mtaa wake sitautaja. Nilikuta wana desturi mpya: karibu kila nyumba ina filimbi, na wasio na filimbi wana sufuria. Usiku wa kwanza shangazi alinionyesha ya kwetu, imeangikwa nyuma ya mlango, imebonyea kama kofia ya mlevi. Akasema, "Mwanangu, ukisikia filimbi usitoke. Lakini sufuria hii hapa na mwiko huu hapa. Piga mpaka mikono ikuume."

Usiku wa nne, yapata saa nane, ulisikika mlio mmoja wa risasi, karibu kabisa. Kisha filimbi moja, kisha nyingine, kisha zisizohesabika. Nikashika sufuria nikapiga. Sitadanganya: nilifurahi. Nilikuwa nimelala na hofu siku tatu, na sasa mtaa mzima ulikuwa ukilia kwa mabati na vyombo, na mimi nimo. Milango ilifunguka, watu wakapita mbio, na binamu yangu akatoka mbio pamoja nao, ijapokuwa mama yake alimshika shati. Kelele zikateremka upande wa bondeni. Zikakaa mahali pamoja. Baada ya hapo zikawa kelele za namna nyingine, ambazo mtu akizisikia mara moja hazisahau. Nami nikaendelea kupiga sufuria, kwa kuwa hapana aliyeniambia niache.

Asubuhi nilimwona. Alikuwa kijana wa umri wangu, au mdogo kwangu kidogo. Alikuwa na kiatu kimoja. Hayo yatosha. Wengine walisema alikutwa na bastola. Wengine walisema bastola ilikuwa ya mwenzake aliyekimbia. Mwanamke mmoja mwenye kibanda cha mkaa alisema alichokuwa nacho ni simu yenye mwanga. Bastola yenyewe sikuiona, wala sikumpata mtu aliyesema kwa kinywa chake, "Mimi niliiona." Nikauliza ni nani aliyemkamata kwanza. Hakuna. Ni nani aliyesema apigwe? Ni mtaa. Binamu yangu aliosha viatu vyake mara mbili, hakula mchana wala jioni, na mpaka siku niliyorudi hakunieleza neno. Shangazi alisema tu, "Zamani nilikuwa nikiwaogopa hao wanaokuja," kisha hakumaliza, akajitwika ndoo yake akaenda sokoni na miguu ile ile mibovu.

Risasi iliyolia usiku ule haikumpiga mtu. Aliyekufa usiku ule aliuawa kwa mawe, na waliopiga mawe waliitwa kwa filimbi na sufuria, na sufuria moja ilikuwa mkononi mwangu.

Ndiyo maana ukumbini nilibabaika. Mtu hawezi kusimama mbele ya watu akasema, "Silaha ni mbaya," huku anaikumbuka sufuria. Na tangu siku ile nimefikiri sana, nikaona kwamba wengi kati yetu tuliobishana tulikosea mahali pamoja. Wenzangu walidhani kuwa shida ya mtaa ni uhaba wa bunduki. Baadhi ya tuliokuwa 22 walidhani kuwa mtaa ukikaa bila bunduki utakuwa salama. Kijana yule hakupigwa risasi hata moja.

Wala sitailaumu filimbi. Filimbi ilifanya kazi yake. Mwenye bunduki ajaye kuiba si askari ajaye kupigana. Anataka giza, anataka kila nyumba inyamaze ikishukuru kuwa leo si zamu yake, na anataka aondoke upesi. Bunduki moja yaweza kuitisha nyumba moja, na kama nyumba nyingine zimenyamaza, yaweza kuzitisha nyumba 30 moja moja. Ndiyo sababu mlio wa sufuria humtia hofu, ijapokuwa sufuria haiwezi kumtoboa. Na anayetaka kubisha aende akalale Kadutu usiku mmoja. Lililokosekana lilikuja baada ya filimbi. Kuku wa jirani alipopotea, baba yangu alisimamishwa mbele ya watu na jembe lake. Kijana alipouawa, hakusimamishwa mtu.

Najua msemaji wao wa pili, aliyependa sana kuuliza maswali, atauliza: kuandika majina kutazuia risasi? Na ajiulize kwa nini watu wa Mathare, mjini Nairobi, waliandika. Huko risasi walizozililia sana zilitoka katika bunduki za polisi wenyewe, na vijana waliouawa waliitwa wezi wote, kwa jumla, bila kesi. Wakaaji walianzisha kituo chao, Mathare Social Justice Centre, na jambo kubwa walilofanya lilikuwa kukaa na akina mama wa waliouawa na kuandika: nani, lini, mahali gani, nani aliona. Mwaka 2017 walitoa taarifa yenye hesabu ya zaidi ya watu 800 waliouawa na polisi nchini Kenya kati ya 2013 na 2016. Tarehe 30 Machi 2020, siku chache tu baada ya amri ya kutotoka nje usiku, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao huko Kiamaiko, akafa. Askari mmoja alishtakiwa kwa kifo hicho. Mauaji hayakwisha, mwaka 2024 na 2025 vijana walipigwa risasi tena katika maandamano ya Kenya. Lakini askari wa Mathare ajua kwamba asubuhi atakuja mama mmoja na kalamu. Mtaa wa shangazi yangu haukuwa na kitu kama hicho, si kwa wezi, si kwa askari, si kwa wao wenyewe.

Basi mtaa na uandike. Lakini uandike nini? Hapa nina neno moja ambalo nalishikilia kuliko mengine yote. Uandike majina ya wanaolinda, usiandike majina ya wanaoshukiwa. Watu wengi wakisikia "daftari la ulinzi" hufikiri orodha ya wezi wa mtaa, wageni, wavuta bangi, na kijana wa fulani asiyejulikana anakula wapi. Orodha ya namna hiyo sisi twaijua mwisho wake, uwanja wa Kamarampaka uko hapo Kamembe. Daftari la walinzi ni kitu kingine: usiku wa leo ni fulani na fulani na fulani, wametoka saa nne, wamerudi alfajiri, wamemkuta huyu, wamemfikisha pale. Mwenye kuogopa jina lake liandikwe asiende zamu. Nadhani usiku ule wengi wangebaki nyumbani kama wangejua kuwa asubuhi wataandikwa, na binamu yangu angekuwa mmoja wao.

Tena katika kila zamu wawepo wawili, yafaa mmoja awe mama mtu mzima, ambao kazi yao si kumkamata mtu bali kusimama karibu na aliyekamatwa asiguswe. Rafiki yangu niliyemwonyesha maneno haya alicheka, akasema mama mmoja atazuiaje watu 100. Mimi naona ni vigumu kumpiga mtu jiwe wakati mama wa jirani, anayekuuzia mkaa na kulijua jina la mama yako, amesimama mbele yake na taa. Si jambo lisilowezekana. Ni jambo ambalo halikupangwa mapema.

Akauliza pia, aliyekamatwa apelekwe wapi, ikiwa mahakama imefungwa na polisi hawajulikani ni wa nani? Swali hilo ni gumu kweli, na zilikuwako siku Bukavu ambazo halikuwa na jibu zuri. Apelekwe kwa mkubwa wa avenyu, au kwa padre, au kwa mchungaji, au kwa imamu, au hospitali kama ameumia. Afungwe mlango, alindwe, aandikwe. Mtu aliye hai aweza kumngoja hakimu mwezi mzima. Rafiki yangu alisema kuwa huenda akatoroka. Ndiyo, huenda akatoroka.

Kuhusu bunduki zinazookotwa nitasema kwa kifupi. Huko Katanga, miaka ya 2000, Mchungaji Ngoy Mulunda na shirika lake la PAREC waliwaambia watu walete bunduki wapewe baiskeli, na maelfu ya bunduki yakaletwa. Wakati ule wapo waliosema ni ujinga kumzawadia mwizi. Lakini mwenye njaa aliyeficha bunduki chini ya kitanda anafikiri habari ya unga, na baiskeli yaweza kubeba magunia ya mkaa mpaka sokoni. Ningefurahi kama Chama chetu kingejadili jambo hilo muhula ujao, badala ya kujadili tena kama mji ni bora kuliko shamba, ambalo nimelisikia mara nne tangu kidato cha kwanza.

Mwezi uliopita nilimpelekea shangazi daftari la kurasa 96, kwa mkono wa mama mmoja avukaye kila wiki na nyanya. Nilimwandikia barua ndani yake nikaeleza haya yote, kwa maneno machache. Mama wa nyanya alirudi na jibu la mdomo. Kwanza shangazi alinigombeza, akasema nisome vitabu vyangu. Lakini alilipeleka daftari kwa mkubwa wa avenyu, wakabishana juu yake Jumapili mbili. Wanaume walikataa, walisema jina likiandikwa, jambazi akilipata daftari atajua nyumba ya kila mlinzi. Ni kweli, sikuwa nimelifikiri hilo. Wakakubaliana kuwa daftari likae kwa mjane mmoja asiyeshukiwa na mtu. Katika ukurasa wa kwanza mna majina 14. Binamu yangu alikataa kuandikwa, kisha baada ya siku tano akaenda mwenyewe.

Sasa nawaomba ninyi wanafunzi wa zamani mlioko Kamembe, Bugarama, Kigali, na hasa mlioko ng'ambo: kama mtaa wenu una lindo la usiku, tuandikieni mnavyolipanga. Nani huweka majina? Aliyekamatwa hukaa wapi mpaka asubuhi? Mmewahi kukosea, na mlifanya nini? Barua zipelekwe kwa Mhariri, naye ameahidi kuzichapa katika toleo lijalo. Tafadhali andikeni "Rusizi" kwa herufi kubwa juu ya bahasha, zisije zikaenda Huye.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita,
Butare, Rusizi.